Usikae Kwenye Benchi la Eksirei

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayefanya kazi ya kuhudumia watu, na siku moja akuambie kwamba kazini wanapelekwa mafunzo ya mawasiliano, mwache aende. Mpikie kabisa, ale ashibe. Mafunzo hayo yana faida, wala sikatai. Ninachokuonya ni hiyo faida yenyewe, maana haibaki kazini. Inavua viatu mlangoni inaingia nayo ndani.

Binti yangu anapiga picha za eksirei katika hospitali kubwa. Ni mwanangu wa pekee. Kwenye ile mashine hana mpinzani. Madaktari walikuwa wakisema picha yake ukiiinua juu ya taa, unahesabu mbavu ukiwa umesimama mlangoni. Lakini hakuna aliyepewa vyote. Yeye maneno hakupewa. Alipokuwa mdogo, akitaka maji anasema "kikombe", imetoka hiyo, ujijue mwenyewe. Akakua hivyohivyo mpaka kazini. Mgonjwa anaingia anatetemeka, hajui kama mashine itammeza au itamtema, yeye anamwambia, "Vua shati. Kifua ubaoni. Kidevu juu. Usipumue." Halafu, "Anayefuata."

Wagonjwa wakambandika jina, wakamwita Usipumue. Nililisikia kwa masikio yangu sokoni, mwanamke anachagua vitunguu huku anamwambia mwenzake, "Ukienda pale, omba usimkute Usipumue." Nikarudisha vitunguu vyangu kwenye fungu nikaondoka, nisije nikajibu.

Kilichoharibu kabisa ni mzee mmoja seremala. Aliambiwa asipumue, akatii. Binti yangu akapiga picha, ikatoka safi kama maji ya mtungi, akazama kuitazama, akasahau kumwambia mzee apumue. Na mzee yule ni mtu wa adabu zake. Hakuambiwa, hakupumua. Walimkuta ameikumbatia mashine, midomo imebadilika rangi, magoti yanamsaliti. Alipoulizwa kulikoni, akasema, "Sikupewa ruhusa."

Mkuu wa kitengo akamwita binti yangu. Huyu mkuu ni mwanaume mfupi, kiunoni ana funguo nyingi, ukisikia zinalia ujue yuko kwenye kona. Akamwambia, "Mikono yako ni dhahabu. Mdomo wako kila wiki unaniletea kesi. Utakwenda mafunzo. Ukimaliza, nitasimama nyuma yako nione unavyowapokea watu. Ukishindwa, nakushusha stoo."

Hiyo stoo iko chini ya ngazi, ndiko yanakotupwa mabahasha ya picha za zamani. Dirisha haina. Anayekaa huko kazi yake ni kupanga bahasha na kupiga chafya. Binti yangu aliponieleza hakulia, yeye si mtu wa machozi. Alikaa tu kwenye kiti, anakunja mkono wa gauni, anaukunjua. Mtoto anayeipenda mashine ile kama wenzake wanavyopenda wachumba. Nikalia mimi kwa niaba yake.

Mafunzo yakafanyika kwenye ukumbi wa hospitali. Mwalimu wao alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu, ya mtu anayemwagilia mche asiung'oe. Siku ya kwanza binti yangu aliporudi nilikuwa nimemsubiri mlangoni.

"Wamewafundisha nini, mwanangu?"

"Kusalimia."

"Na nini tena?"

"Basi."

Nikaiona stoo inakuja mbio.

Lakini akaendelea kwenda, na siku moja akaniambia anataka mgonjwa wa kufanyia mazoezi. Mgonjwa nikawa mimi. Nikasimama sebuleni nimekumbatia mlango wa kabati, kidevu juu. Jirani yangu, fundi wa nguo, mwanamke ambaye hana habari inayompita, akaacha cherehani yake akaja kukaa kwenye kochi kama aliyelipia kiingilio.

"Habari za leo, mama," binti yangu akaanza, uso umekakamaa utadhani anasomewa hukumu. "Mimi ndiye nitakayekupiga picha."

"Tabasamu kidogo, shoga," fundi akasema.

Akatabasamu.

Fundi akamtazama. "Acha tu. Rudi kule kwa mwanzo."

"Mnanicheka?"

"Hatukucheki, mwanangu," nikasema, kifua changu bado kiko kabatini. "Sasa nimeshaogopa. Nifanye nisiogope."

"Usiogope."

"Hapo umeamuru."

Akavuta pumzi. "Unaogopa nini, mama?"

Nikamweleza. Nikamwambia naogopa baridi ya ule ubao, naogopa mlango ukifungwa nabaki peke yangu, naogopa sijui kule nyuma ya kioo mnaona nini na mnasema nini. Nilikuwa naigiza, lakini nusu yake ilikuwa kweli. Akawa ananitazama kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya ndani ya nyumba aliyoikaa miaka yote. "Kumbe kioo kinawatisha," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniambia."

"Uliwahi kuuliza?" fundi akasema.

Hapo mimi, kwa wasiwasi wangu, nikaongeza la kwangu ambalo mwalimu hakulifundisha. Nikamwambia, "Mwenye hofu usimwache na kimya. Mwongeleshe mpaka mwisho. Hata kuku ukimshika huku unamsemesha hatapatapi." Akalichukua. Laiti ningejua.

Wiki ile wagonjwa walimpenda mpaka nikaanza kusimama sokoni kusikiliza. Alikuwa akiwauliza habari za watoto, za mashamba, za maumivu yalivyoanza. Alikuwa akiwauliza hata wakiwa kifua ubaoni. Anasema, "Usipumue," halafu kwa sababu mama yake alimwambia asimwache mtu na kimya, anaongeza, "Unajisikiaje sasa?" Na mgonjwa, ambaye amefundishwa kwao kwamba ukiulizwa hali unajibu, anajibu. Kifua kinapanda kinashuka. Picha inatoka ukungu mtupu.

Daktari wa kifua alishuka na picha tatu mkononi. "Nisaidie," akamwambia. "Hiki ni kifua au ni jiko la kuni?"

"Ni kifua, daktari. Alikuwa ananieleza mahindi yake yalivyoliwa na panya."

Foleni ikafika kwenye ngazi. Kuna bibi mmoja alirudi kesho yake haumwi popote, amekuja kumalizia hadithi. Na mkuu wa kitengo, funguo zikilia, akapita akasema neno moja tu: Jumatatu.

Binti yangu alirudi nyumbani akaweka mkoba mezani. "Mama, ulinipa ushauri wa kuku."

Nilistahili.

Bahati nzuri mafunzo yalikuwa hayajaisha, akarudi kwa mwalimu wake kumuuliza amekosea wapi. Yule mwalimu hakumcheka. Alimwambia mambo mawili, na binti yangu aliyarudia mezani jioni ile kama anayeogopa kuyamwaga. La kwanza: mweleze mtu yote kabla hujaanza, kwa nini asipumue na atapumua lini, akishaelewa, amri fupi haimuumizi, inamsaidia. La pili: ukimuuliza mtu swali, funga mdomo. Usimjibie, usimsukume. Kaa kimya mpaka amalize, na akishamaliza kaa kidogo tena, kwa sababu jambo lenyewe huja nyuma ya lile la kwanza. Halafu mrudishie kwa maneno yake, ili ajue amesikika.

Ningeishia hapo ningekuwa mama mwenye akili. Lakini mama mwenzangu unajua, roho ya mzazi haina breki. Nikawaza: Jumatatu mkuu anakuja, na wagonjwa wa siku hiyo hatuwajui. Itakuwaje wakiwa wale wa zamani, wenye kinyongo? Nikamwendea fundi.

"Niazime mtandio wako mkubwa na ile miwani."

"Unakwenda wapi?"

"Kukaa tu kwenye benchi pale hospitali."

"Kukaa tu kwako nakujua mimi."

"Nitamsemea mtoto maneno mawili matatu mazuri. Watu wakiingia ndani, waingie na moyo mweupe."

"Mtoto ameshafundishwa, mwache."

"Nimwache aende stoo?"

Akanipa mtandio. Miwani yake ilikuwa ya kutungia sindano. Nikiivaa naona kila mtu ana pua ya karibu sana.

Basi Jumatatu nikaenda. Lile benchi ni refu, limepakwa rangi ya kijivu, limechimbika pale watu wanapokaa. Utaratibu wao ni huu: ukifika, karatasi ya daktari unampa mhudumu wa mlangoni, anaipeleka ndani, wewe anakupa kibao chenye namba. Namba ikiitwa, unaingia na kibao chako. Nilikaa katikati ya wagonjwa, nikawaambia naumwa kifua, nikaanza kazi.

"Mmesikia habari za binti wa humu ndani?" nikasema hewani.

"Usipumue?" akadakia mwanaume mmoja mwashi, chokaa bado iko kwenye nywele, anakohoa.

"Zamani hizo. Siku hizi ana ulimi wa asali. Dada yangu alitoka hapa akasema hata kwa mumewe hajawahi kusikilizwa hivyo."

Dada sina. Nilimzaa palepale kwenye benchi.

"Na picha?" akauliza dereva aliyekaa upande wa pili wa mwashi, naye anakohoa. Alikuwa anatikisa goti, gari lake limeegeshwa pabaya.

"Picha ni kioo."

Wakaanza kutulia, na mimi nikaanza kunogewa. Kulikuwa na mama mmoja mnene, ana koti, amechoka kusubiri. Akaniambia, "Wewe unaonekana mtu mwema. Nishikie kibao, nikanywe chai nirudi." Nikakipokea. Mgonjwa wa kweli ana kibao, nikaona kitanipa heshima. Na hakikuwa kibao pekee kilichotembea. Dereva alimwomba mwashi wabadilishane, kwa kuwa namba ya mwashi ilikuwa mbele. Mwashi akasema hana haraka, kazini kwao saruji imeisha. Wakabadilishana. Bibi wa upande ule akampa wake mtu mwingine. Nikaona ni watu wanaosaidiana, nikawapenda.

Mhudumu akaita namba. Kimya. Akaita tena. Nikageuka kumtafuta mama wa koti, simwoni. Mhudumu akanitazama mkononi.

"Si wewe hiyo?"

Benchi zima likanitazama. Nimeshawaambia naumwa kifua, nimeshawaambia humu ndani ni kama kwa mama yako. Ningesemaje siingii?

"Ingia, mama," mwashi akanitia moyo. "Si unasema ni asali?"

Nikaingia.

Chumba kina baridi. Binti yangu alikuwa amesimama karibu na mashine, na nyuma ya kioo niliona kichwa cha mkuu wa kitengo na daftari lake. Binti yangu akanitazama. Mtandio, miwani, kibao. Mimi ndiye niliyemzaa. Hata ningevaa gunia angenijua. Nikajua anachowaza. Akisema huyu ni mama yangu, mkuu ataona mchezo. Akinipiga picha, ataweka kifua changu kwenye karatasi ya mtu mwingine. Na yule Usipumue wa zamani angesema "Toka", na hilo ndilo mkuu alilokuja kuliona.

Akavuta kiti, akaketi, macho yetu yakawa sawa.

"Karibu, mama. Mimi ndiye mpiga picha wa leo. Kabla sijakugusa na kabla sijawasha chochote, naomba unieleze kwa maneno yako mwenyewe, kitu gani kimekuleta hapa."

Kisha akanyamaza.

"Kifua," nikasema.

Hakujibu. Hakukunja uso, hakutikisa mguu. Alikaa ananitazama kwa upole, kama mtu mwenye siku nzima.

"Kifua kinabana," nikasema. "Hasa asubuhi."

Kimya. Mashine ilikuwa inanguruma kidogo, kama paka. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo; mimi nilidhani mshindo utatoka kwake. Nilitazama ukuta, nikatazama viatu vyangu, nikatafuta kikohozi nikakikosa. Mama mwenzangu, mimi naweza kuvumilia njaa, naweza kuvumilia jua. Kimya cha namna ile sikuzaliwa nacho.

"Kibao si changu," nikasema. Na hapo mfuko ukapasuka. Nikasema siumwi. Nikasema mwenye kibao kaenda kunywa chai, mimi nimekuja kumsemea binti yangu asipelekwe stoo, na dada niliyemtaja sina. Nilidhani nimemaliza. Akaendelea kunisubiri, kidogo tena, vilevile alivyofundishwa. "Na si mimi tu," nikamalizia. "Kila mtu pale nje ameshika kibao cha mwenzake. Wale wawili wa kikohozi, mwashi na dereva, wamebadilishana, kwa sababu dereva ana haraka."

Nyuma ya kioo funguo zililia mara moja zikanyamaza.

Binti yangu akainama karibu. "Nione kama nimekuelewa," akasema, sauti haitetemeki. "Wewe ni mzima. Umekuja kwa sababu unanihofia. Na dereva atakayeingia sasa hivi ana namba ya mwashi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Asante kwa kuniambia. Ngoja nikutoe nje."

Akanishika mkono mpaka mlangoni, mkuu nyuma yetu. Nilitegemea kelele. Hata mhudumu alitegemea, maana alisogea pembeni. Binti yangu akasimama mbele ya benchi.

"Habari zenu. Samahani kwa kuwasubirisha. Karatasi iliyoko ndani inafuata namba, na picha inafuata karatasi. Ukiingia na namba ya mwenzako, daktari atamtibu mwenzako ugonjwa wako. Simgombezi mtu, mlikuwa mnasaidiana. Nani ameshika kibao kisicho chake?"

Akanyamaza tena. Watu wakatazama dari. Mwashi akajikuna chokaa. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa dereva, nusu. Halafu wa mwashi. Halafu bibi wa kule mwisho. Mikono ikainuka mpaka karibu nusu ya benchi, kama darasa lililojua jibu.

Mkuu wa kitengo akakaa chini, palepale kwenye benchi, karibu na mimi. "Ndiyo maana," akasema taratibu. "Daktari wa kifua analalamika toka mwezi uliopita. Mtu anapona, picha inasema anazidi. Mwingine anazidi, picha inasema mzima. Tukasema mashine imechoka."

Niliona binti yangu anamwita dereva kwa jina lake, siyo kwa namba, na kumuuliza anaumwa wapi. Mlango haukufungwa vizuri, nikasikia: "Utavuta pumzi, utaishika kidogo ili picha isicheze, halafu mimi mwenyewe nitakuambia upumue. Niko hapa nyuma ya kioo, nakuona. Vuta. Shika." Kimya. "Pumua." Dereva alitoka akasema, "Kumbe ni hivyo tu," akakimbilia gari lake.

Mkuu akanigeukia. "Yule abaki na mashine yake. Kuanzia kesho kila anayeingia aulizwe jina na anaumwa wapi, na yeye ndiye atawaonyesha wenzake namna ya kuuliza. Na wewe mama, nisikuone tena kwenye benchi langu mpaka uumwe."

Nikamwambia Mungu aniepushie yote mawili.

Sasa ungedhani nimefurahi, na nilifurahi, wiki nzima nilipita sokoni polepole makusudi. Lakini sikiliza yaliyonipata Jumapili, ndiyo yaliyonifanya nikuandikie haya. Tumekaa mezani mimi na yeye, tunakula. Akaweka kijiko chini.

"Mama, fundi siku hizi ananipima kwa macho kama kitambaa. Wewe unafikiri ni kwa nini?"

Halafu akanyamaza, macho ya upole, kama mtu mwenye siku nzima.

Nikaona hatari. Nikajaza mdomo chakula, nikatafuna taratibu, nikatafuna mpaka hakikubaki cha kutafunwa. Hakunisukuma. Alisubiri nimeze.

Nikameza. Nikaanza na mpwa wa fundi, yule ambaye bado hajaoa.